Kinanda Kisichozimwa

Aliyefunga ndoa katika mji ule kwa miaka kumi na saba alichezeshwa na Vidole, apende asipende. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Watu walimwita Vidole kwa sababu vidole vyake vilikuwa virefu, vyembamba, na havikujua kutulia. Akisubiri chai, vilipiga meza. Akisubiri zamu kwa kinyozi, vilipiga goti lake, na akisahau vilipiga goti la jirani. Mwili uliobaki ulikuwa wa mtu mvivu kidogo, na mkewe hakuona haya kulisema hilo mbele za wageni.

Kinanda chake kilikuwa cheusi, kirefu, cha mtumba, alichokinunua hoteli moja ilipofunga milango. Kilikuwa na mambo mawili ya kukitambulisha. La kwanza, vibao vyake vilikuwa na taa ndogo nyekundu ndani, na kikipiga wimbo kilichourekodi, kila kibao kinawaka zamu yake inapofika, ili anayejifunza afuate. La pili, kilikuwa na kichwa chepesi: ukikizima, kinasahau kila kitu. Anayetaka kazi yake ibaki lazima aihifadhi kwenye kadi ndogo inayochomekwa nyuma. Tena hakinasi sauti ya mtu. Kinachokumbuka ni mkono tu, yaani kibao gani kilibonyezwa, kwa nguvu gani, na kwa muda gani.

Vidole alikuwa na kadi moja tu, iliyokuja na kinanda chenyewe, na ndani yake nyimbo zote za harusi. Kila alipofika ukumbini alifanya vilevile: kinanda juu ya miguu yake, waya ukutani, kadi kwenye tundu, halafu kitufe cha kupakia na kitufe cha kukubali, tap, tap, ili nyimbo zitoke kwenye kadi ziingie kichwani mwa kinanda, zikalie nafasi ya chochote kilichokuwamo. Wakati huo mdomo wake uko kwenye salamu na macho yako kwenye sinia za chakula. Mkono ulifanya kazi yake peke yake.

Mtoto wake aliitwa Kifungua, maana alikuwa kifungua mimba. Wazazi wakasubiri wengine, wengine hawakuja, akawa kifungua mimba na kitinda mimba kwa pamoja, lakini jina lilikuwa limeshazoeleka. Kinanda kilipoingia nyumbani alikuwa na miaka miwili. Alipanda kitini akazikimbiza zile taa nyekundu kwa kiganja kama anayeua mbu, na baba yake akacheka mpaka akatoka machozi.

Alipofika miaka saba kicheko kiliisha, masomo yakaanza. Hapa sitamtetea. Vidole alikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa kwa mwanafunzi wake huyu mmoja. Kifungua alikuwa na kosa lake: akifika mahali ambapo wimbo unapanda, mkono wa kulia unasimama, unagusa kibao cha jirani, ndipo unapata chenyewe. Kila wimbo, kila siku. Vidole aligonga ubavu wa kinanda kwa kalamu na kusema, "Rudia." Akikosea tena, "Rudia." Kuna jioni moja alisema "Rudia" mara kumi na nne. Mama mtu alikuwa akihesabu kutoka jikoni, na kabla ya ya kumi na tano alikuja na kitambaa cha meza, akakifunika kinanda pamoja na mikono ya mtoto, akasema watu wanakula.

Kifungua alikua, akaenda kujifunza ushonaji, akawa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa. Kinanda alikipiga tu pale baba alipokuwa hayupo. Vidole alijua, kwa sababu akirudi alikuta kiti kimesogezwa mbele, maana binti alikuwa na mikono mifupi ya mama yake. Alikuwa akikirudisha kiti nyuma bila kusema neno. Nadhani aliona ni adabu.

Kifungua alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya siku nne. Jumatatu aliamka na maumivu ya kichwa, hakwenda kazini. Jioni wakampeleka hospitali, na Alhamisi wakarudi nyumbani bila yeye. Sina namna nzuri ya kulisema hilo, na Vidole mwenyewe hakuwa nayo.

Wageni walipokwisha kuondoka, siku ya kumi, Vidole aliingia chumba cha mbele akifunike kinanda vumbi lisiingie. Kiti kilikuwa mbele. Na kinanda kilikuwa kinawaka. Tangu ile Jumatatu hakuna aliyekumbuka kukizima. Kwenye kioo chake palisomeka wimbo namba tano, na Vidole alikuwa hajapakia wimbo wowote humo. Akabonyeza.

Vibao vikaanza kuwaka, kimoja baada ya kimoja, na kitini hakuna mtu. Ulikuwa wimbo mfupi, wa dakika mbili hivi, ambao hakuwahi kuusikia popote. Kifungua aliutunga mwenyewe. Mkono wa kushoto ulikwenda taratibu, wa kulia ukafuata, na mstari wa tatu, pale wimbo unapopanda, taa zikasimama. Kikawaka kibao cha jirani. Halafu kikawaka chenyewe, wimbo ukaendelea. Vidole aliinamisha kichwa juu ya vibao akalia kwa sauti, na kinanda nacho kikalia, maana paji la uso wake lilikuwa limelalia noti sita kwa mpigo.

Tangu siku hiyo kinanda hakikuzimwa. Vidole hakukipeleka kwenye harusi tena. Waliomfuata aliwaambia mgongo unamsumbua, mpaka wakaacha kumfuata. Kila siku aliketi bila kukisogeza kiti, magoti yakigusa ubao, akabonyeza namba tano, akaweka vidole vyake juu ya vibao vilivyowaka. Alikuwa akivigusa tu, bila kubonyeza. Mkewe alipousikia wimbo ukianza alitoka uani kwenye nguo zake za kufua. Mara moja tu alisema labda wakizime, mtoto apumzike.

"Labda nizimwe mimi kwanza," Vidole alimjibu, na halikuzungumzwa tena.

Lakini kukiacha kinanda kikiwaka miezi mitano si jambo la kusema tu. Kwanza ni umeme unaokatika. Kwa hilo alinunua betri kubwa sita, zile nene za kuwekwa tumboni mwa kinanda, akawa anazibadilisha kila mwezi kabla hazijamwangusha. Pili ni adapta ya umeme, kile kisanduku cheusi kinachokaa kati ya ukuta na kinanda. Ilikuwa kuukuu, waya wake umechubuka shingoni, ameufunga kwa utepe mara tatu. Sasa ilianza kupata moto kiasi cha kupashia uji. Siku aliyoibadilisha kwa nyingine alimwita mkewe aje amshikie tochi mchana kweupe. Akachomoa, betri zikashika kazi, akachomeka mpya, na taa haikupepesa. Walipoinuka wote wawili walikuwa wametota jasho. Ndipo Vidole alipokubali kwamba hawezi kuishi hivi, na kwamba wimbo lazima uingie kwenye kadi.

Kadi sasa. Ile kadi yake moja alikuwa amemwazima mpiga gitaa, rafiki yake wa miaka yote, wiki moja kabla ya homa. Mpiga gitaa alipata mkataba wa kupiga kwenye hoteli ya mji wa mbali, kinanda cha huko kilikuwa cha aina ileile, akaomba nyimbo. Msiba ulimkuta huko. Alituma ujumbe wa pole na kusema atarudi mkataba ukiisha. Vidole aliona hawezi kumngoja mtu aliye kwenye mkataba, akaenda kutafuta kadi ya dukani.

Ya kwanza aliyouziwa ilikuwa ya giga thelathini na mbili. Muuzaji, akidhani kadi ni ya mtoto wa nyumbani, alimhakikishia kwamba mwanawe hatasikia njaa ya nafasi, neno lililomchoma Vidole bila mwenye kulisema kujua. Kinanda kiliitazama kadi hiyo, kikaandika kwamba hakuna kadi. Akajaribu ya giga nane. Hakuna kadi. Akaenda na ile ya giga nane mkononi mpaka kwa fundi simu wa mtaa wa pili, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye miwani ya kukuzia inayomning'inia shingoni na ulimi mwepesi kuliko bisibisi yake.

Fundi alicheka, akamweleza kwamba vinanda vya umri ule havijui kuhesabu mbali. Kadi ikizidi giga mbili kinanda kinaiona kama ukuta. Siku hizi ndogo hivyo hazitengenezwi, ila zipo kwenye simu zilizokufa, na hizo ni nyembamba kama ukucha, kwa hiyo zinahitaji adapta, yaani ganda la plastiki la kuzivisha ziwe na umbo la kadi kubwa. Alete kinanda hapo dukani wajaribu moja baada ya nyingine.

Vidole alisema hakiji. Fundi akauliza kwani kina miguu ya kukataa? Vidole akamweleza. Alieleza kwa ufupi, akiangalia droo la simu mbovu, na alipomaliza fundi alikuwa ameivua ile miwani.

"Baba," alisema, "umeshaurekodi kwa simu? Hata sauti tu?"

Hakuwa ameurekodi. Simu yake ilikuwa ile ya tochi, na zaidi ya hapo alikuwa na ubishi wake: simu itanasa mlio, haitanasa mkono. Mlio angeweza kuupata popote. Alichotaka ni vibao viwake pale alipogusa mwanawe. Fundi hakubishana naye. Alisema Jumamosi akifunga duka atakuja na simu nzuri, aurekodi mlio na taa zake kwa pamoja, kisha wahangaike na kadi. Halafu akapekua droo mpaka akapata kadi ya giga moja, akaivisha adapta, akampa. Akamwonyesha kijifungo cha pembeni ambacho kikishuka kadi haiandikiki. Akamwambia kinanda kitaomba kuifomati, yaani kuifuta na kuiandaa upya, akubali, kisha ahifadhi wimbo hapohapo, siku hiyohiyo.

"Hata kama huipendi," alisema. "Hifadhi kwanza humo, ndipo utafute unayoipenda."

Ilikuwa Jumatano. Vidole alifika nyumbani, akaketi, akachomeka ile kadi kwa mikono miwili kama anayemlisha mgonjwa. Kinanda kikaiona. Kikaomba kuifomati, akasoma maneno yale mara tatu, akakubali, ikafomatiwa. Alipopeleka kidole kwenye kitufe cha kuhifadhi, mkono wake mwingine ukaigusa adapta, na kioo kikaandika hakuna kadi. Akaisukuma, kadi ipo. Akaiachia, hakuna. Ganda lilikuwa linachezacheza ndani ya tundu. Vidole akawaza: je, ikikatika katikati, wimbo ukiwa nusu huku nusu kule? Alikuwa na mtoto mmoja tu, na wimbo wake mmoja. Akaichomoa, akaiweka juu ya kabati, akajisemea kwamba atamuuliza fundi Jumamosi.

Alhamisi jioni mpiga gitaa akatuma ujumbe: mkataba umeisha, kesho nipo kwako, na kadi yako ninayo. Vidole alifurahi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa msiba. Alimwambia mkewe kwamba ndiyo maana wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kadi iliyozaliwa na kinanda haiwezi kukisaliti kinanda. Mkewe akamuuliza kama si fundi aliyesema ahifadhi kwanza kwenye ile nyingine. Vidole akasema fundi ni wa simu. Methali ni nzuri, sina ugomvi nazo, lakini zina tabia ya kumkubalia kila anayeziita.

Mpiga gitaa alifika Ijumaa saa nne asubuhi, moja kwa moja kutoka stendi, begi mgongoni. Alikuwa amekonda. Walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaingia chumba cha mbele, akatoa kadi kwenye pochi yake alimoifunga kwa kipande cha kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Vidole. Vidole aliigeuza. Ilikuwa na ule mkwaruzo wake pembeni. Akakisogelea kinanda, akaichomeka, ikaingia na kutulia bila kutikisika.

"Sikuweza kuja kuzika, kaka," mpiga gitaa alisema nyuma yake. "Nimekuja na aibu yangu. Pole. Pole sana."

"Tumeshapoa," Vidole alijibu, akimgeuzia uso. "Karibu ukae. Safari ilikuwaje?"

Na mkono wake, uliokuwa umeichomeka kadi ileile kwa miaka kumi na saba huku mdomo ukisalimia watu, ukafanya ulichokijua. Tap, tap.

Aliusikia mlio huo wa pili. Mpiga gitaa aliniambia kwamba uso wa rafiki yake ulibadilika kabla hajageuka kutazama. Kwenye kioo, orodha ya nyimbo ilikuwa imeshajipanga: ya kwanza ya kuingilia bibi harusi, ya pili ya keki, ya tatu ya zawadi, ya nne ya wazazi. Namba tano ilikuwa ya kuwatoa wageni. Vidole aliibonyeza, labda kinanda kimekosea, na vibao vikawaka haraka haraka, pande zote, kwa furaha ya watu wanaoondoka na kushiba.

Mpiga gitaa hakuelewa, na ilibidi aelezwe, na Vidole ndiye aliyelazimika kumweleza. Sijui kati yao nani alikuwa na hali mbaya zaidi. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na beseni la nguo. Alikuwa amesikia muziki wa harusi ndani ya nyumba yake na akajua.

"Basi ameondoka mara ya pili," alisema. Hakumlaumu. Akarudi kuanika.

Vidole aliupeleka mkono ukutani akachomoa waya. Kwa kuwa betri bado zilishikilia, akakigeuza kinanda, akafungua tumbo, akazitoa zote sita akazipanga sakafuni. Kioo chake kikazimika. Mkono wake wa kulia aliukalia, na akabaki ameukalia hivyo mpaka mpiga gitaa akaaga.

Jumamosi saa kumi na moja fundi simu alibisha hodi, simu nzuri mkononi imechajiwa, kama alivyoahidi. Vidole alimwambia pale pale mlangoni, kwa maneno machache. Fundi alikuwa na haki ya kusema nilikuambia, na ulimi wake ulikuwa na uwezo huo. Alimuuliza tu kama yeye mwenyewe hawezi kuupiga, si aliusikia kila siku kwa miezi mitano? Noti anazijua, kibao kwa kibao. Aupige, yeye aurekodi, angalau ubaki wimbo. Vidole alisema jino la pembe si dawa ya pengo. Lakini kutoka uani ilisikika sauti ya mkewe, akiimba kwa pua huku akikunja nguo, na wote wawili wakatega masikio.

Alikuwa akiuimba wimbo namba tano. Miezi yote ile aliyotoka nje asiusikie, alikuwa akiusikia. Mstari wa kwanza, wa pili, na wa tatu, pale unapopanda, akanyamaza kidogo, akagusa noti ya jirani, akaipata yenyewe, akaendelea. Sawasawa na zile taa.

Vidole alikiinua kinanda, akachomeka waya, akaketi. Fundi akaegemeza simu kwenye kikombe mezani, ikaanza kurekodi. Mkewe aliacha kuimba, akaja akasimama nyuma ya kiti.

Vidole akapiga. Mkono wa kushoto ulikwenda taratibu kama ulivyokuwa, wa kulia ukafuata, mstari wa tatu ukafika, na wimbo ukapanda bila kusita, safi kabisa, hadi mwisho.

"Siyo," mkewe alisema. "Hapo anasimama."

Vidole alisema anajua. Akaanza tena, na safari hii akaingojea ile sehemu, akaikazia macho, na vidole vikapita juu yake kama vilivyofundishwa kupita. Akaanza tena. Alisimama, lakini alisimama kama mtu aliyeagizwa kusimama, na kile kibao cha jirani alikibonyeza kwa nguvu mno. Mkono wa Kifungua ulikuwa ukitafuta kweli. Wake ulishajua kilipo. Alijaribu kwa kidole kidogo, alijaribu amefumba macho. Kila mara mikono ilipiga sawa.

"Sikuwahi kumwambia kwamba pananipendeza hapo," alisema. "Nilimgongea kalamu tu."

Fundi alikuwa ameinama anatazama sakafu. Mkewe akasogea, akakisukuma kiti mbele, taratibu, na Vidole akiwa amekikalia, mpaka magoti yakagusa ubao. Akamwekea mkono begani.

"Rudia, Baba Kifungua," alisema.

Akarudia. Akapita tena.